Tundu la Ushanga

Mtaalamu wa mambo ya kale amenipa nishike ushanga mwekundu alioufukua kwenye magofu ya hapa kwetu Makangale. Ni jiwe la akiki, anasema, ambalo mafundi wa kale wa Bara Hindi, wasiojulikana hata majina, walilichoma majivuni mpaka likaiva wekundu. Unanuka udongo mbichi.

Utotoni niliokota kama huu, nikipalilia muhogo karibu na magofu. Tulikatazwa kuokota chochote pale: vitu vina wenyewe, na wenyewe ni mashetani. Nikauficha chini ya ulimi. Kufika nyumbani, mdogo wangu kalala na homa kali. Nikajua nimemuua.

Nikautema kiganjani mwa bibi, nikilia. Akauinua juani.

"Hebu chungulia. Waona nini?"

"Jua, bibi."

"Shetani atoboe jiwe ana shida gani? Hii kazi ya ntu, mwanangu. Naye alichungulia hivi hivi, ajue kama tundu limepenya."

Ndani, mdogo wangu akaanza kulilia uji.

Mtaalamu ananiuliza mbona nimefumba jicho moja.

"Naangalia kama tundu limepenya," namjibu.