Kahawa ya Mama Mkwe na Tezi ya Dafroza

Miaka miwili Dafroza wa Kibingo aliamka amechoka, kama mtu aliyelima usingizini. Saa sita mchana alivaa sweta. Nywele zilibaki kwenye kitana, na kibanja chake cha migomba, ambacho huku ndicho cheti cha mke, kikaota majani hadi magotini.

Mama mkwe wake, Adelgunda, alimpima bure na kutoa jibu: uvivu. "Vuli ikikuta kibanja hivi, nampa Joyness." Joyness ni mke wa shemeji yake Dafroza, mwanamke ambaye hata akisali anatafuta gugu la kung'oa.

Hospitalini wakampima damu. Tabibu Rwegoshora akaeleza: "Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya harage, pituitari. Huyo ni mwenyekiti wa kitongoji. Shingoni kuna thairoidi, huyo ndiye anayefanya kazi. Homoni ya shingoni ikipungua, mwenyekiti anapiga kelele. Ikitosha, ananyamaza. Wewe shingo imechoka, mama. Mwenyekiti anafoka, kazi haiendi."

"Namjua," Dafroza akasema. "Tunaishi naye."

Akapewa vidonge, kimoja kila alfajiri, kwa maji. Miezi miwili baadaye kipimo kilionyesha mwenyekiti bado anafoka. Dozi ikaongezwa. Akafoka tena. Safari ya tatu Rwegoshora akaweka kalamu chini.

"Ukishameza unafanya nini?"

"Naenda kumwamkia mama mkwe. Ananipa kahawa, punje kavu mbili tatu, natafuna."

"Baada ya muda gani?"

"Muda wa kuvuka ua."

"Basi kahawa inazuia dawa isiingie kwenye damu. Subiri saa nzima."

"Daktari, kahawa ya mkwe hairudishwi."

"Mimi mtu wa Muleba, najua. Mama yangu angenifukuza. Subiri hivyo hivyo."

Kesho yake Adelgunda alinyoosha kikapu chake kidogo cha kahawa. Dafroza akaficha mikono kwenye kanga.

"Umekataa kahawa yangu?"

"Nimeahirisha, mama. Saa moja tu, daktari kasema."

Wiki nzima shikamoo yake haikuitikiwa. Dafroza hakubishana, kubishana kunataka nguvu. Alimeza, akasubiri, akaitafuna kahawa yake mwenyewe jikoni.

Wiki ya saba mwenyekiti wa kichwani alishusha sauti. Yule wa uani hakupimwa. Dafroza akapalilia mashina manne, akakaa chini. Siku iliyofuata saba, akakaa tena. Vuli ikamkuta katikati ya kibanja, matope hadi kwenye viwiko, nusu ikiwa bado pori.

Adelgunda akaja, Joyness nyuma yake na jembe begani. Akatembea mstari kwa mstari, akitafuta kosa.

"Ule wa pembeni umeuruka."

"Nimechoka, mama. Huo wa kesho."

Adelgunda akatazama yale matope ya kwenye viwiko, akamgeukia Joyness. "Rudi kwako, mwanangu, mvua inakunyeshea bure." Kisha akakaa juu ya rundo la magugu, akatoa kikapu cha kahawa.

"Hiyo saa yenu imeisha?"

Dafroza akapangusa mikono, akaipokea.