Udongo wa Kwanza

Nakumbuka asubuhi moja ya Septemba, mwanangu, nilipotoka nyumbani kwa kaka yangu mtaa wa Umbilo, hapa Durban, bila kujua ninakwenda wapi. Kaka alikuwa amefariki siku nne nyuma, na mazishi yalikuwa saa tano. Makaburi ya hapa hayasubiri mtu. Saa yako ikipita, anaingia maiti mwingine. Kwetu Uvira, kule Kongo, ndugu wa damu ndiye hutupa udongo wa kwanza, na upande huu wa dunia kaka alikuwa na ndugu mmoja tu, mimi.

Kilio cha matanga kilinishinda. Mama Neema, mjane wake, akanikuta mlangoni.

"Shemeji, unaenda wapi tena? Hii miguu yako haitulii!"

"Naleta maua ya kaka."

Uongo ulinitoka, nikaona si mbaya kuutimiza. Nikapanda hadi hifadhi ya nyasi iliyo juu ya mtaa.

Huko nikakuta wazee kama wanane wamepiga magoti nyasini, ungedhani wanasali. Walikuwa wakitembea kuyatazama maua ya porini, maana mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Macho hayana pazia, nikasogea. Bibi wa Kizulu aliyewaongoza akanipa kioo cha kukuzia. Ua dogo kama punje ya mchele likawa na mdomo, ulimi, madoa ya zambarau! Mimi niliyeacha shule darasa la tano, hakuna mwalimu aliyewahi kunionyesha kitu namna ile. Nikanyoosha mkono nilichume.

"Eish, mwanangu, hapa hatuchumi," akasema. "Tunatazama, tunaacha. Lingine liko mbele."

Nikafuata lingine, na lingine. Nilipokumbuka kuinua kichwa, jua lilikuwa utosini.

Nilikimbia. Mlangoni kwa kaka watu walikuwa wamepanga mstari, wananawa mikono kwenye beseni, kama wanavyonawa waliotoka kuzika. Nami nikainama ninawe.

"Shemeji, maua iko wapi?" Mama Neema akauliza.

Nikapeleka mikono kwenye maji.

"Tulikungoja mpaka watu wa koleo pale makaburini wakakasirika. Udongo wa kwanza ametupa fundi simu wa hapo chini. Wewe usinawe. Mikono yako iko safi."

Nikachukua begi langu, nikatembea mpaka mtaa wa Greyville, nikapata chumba nyuma ya duka. Mwenye nyumba akaniuliza kama nina ndugu mjini. Nikasema sina. Mama Neema hajanisemesha hadi leo, na simlaumu. Maji yaliyomwagika hayazoleki.

Mwanangu, sikukatazi kutazama. Mimi mwenyewe bado napiga magoti nyasini kila Septemba. Ila kabla hujafuata kinachokuvuta, jiulize ni nani anayekungoja, na atakungoja mpaka lini. Ua litachanua tena mwakani. Kaburi hufukiwa mara moja.

Mungu akupe macho ya kuona na miguu inayojua saa ya kurudi. Na siku yako itakapofika, damu yako isikosekane ukingoni mwa kaburi.