Kujadili Ng'ombe Homa Bay

Nilikwenda Homa Bay kwa sababu baba yangu aliamini kwamba mtu anayesomea biashara ya kimataifa lazima anajua kupatana. Niko mwaka wa tatu chuo kikuu, na wiki ile nilikuwa nimerudi nyumbani, karibu na Kehancha, kujiandaa kwa mtihani wa nadharia na sera za biashara uliokuwa ukiningoja Jumatatu. Kaka yangu Mwita, fundi wa magari mjini Migori, alikuwa amempata Akinyi, binti Mjaluo wa Homa Bay, na wazazi wa Akinyi walikuwa wamekubali kutupokea Jumamosi tuzungumzie mahari. Msemaji wetu angekuwa Baba Mdogo Marwa, lakini Kiswahili cha Baba Mdogo ni cha kugombana tu, na Kiswahili ndiyo lugha ambayo sisi Wakuria tungeelewana kwayo na wenyeji wetu. Basi Baba akanitazama tukiwa mezani, akasema, "Robi atazungumza. Si ndiyo anasomea, kupatana na mataifa?"

Nilijaribu kumweleza kwamba darasani hatupatani na mtu. Tunachora mistari miwili inayokutana, mwalimu anauliza nani amefaidika, tunaandika. Mimi hata nyanya sokoni nanunua kwa bei ya kwanza ninayotajiwa. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniambia nipige pasi nguo.

Lakini si kuzungumza kulikoninyima usingizi wiki ile. Kwetu, ng'ombe wa kumwolea kaka hutoka kwa dada. Dada akiolewa, ng'ombe walioletwa kwa ajili yake ndio wanaokwenda kumleta mke wa kaka yake, na Mwita hana dada mwingine ila mimi. Boma letu lilikuwa na ng'ombe wachache, na mzee mmoja wa Ntimaru mwenye kundi kubwa alikuwa ameshatuma mjumbe mara mbili kuniulizia. Baba alikuwa hajampa jibu. Kwa hiyo wazazi wa Akinyi wakiridhika na wachache, mimi ningerudi chuoni; wakitaka wengi kwa mara moja, ningeolewa Ntimaru na masomo yangeishia hapo. Sijui kama kuna nchi yoyote duniani iliyowahi kumtuma mezani mpatanishi ambaye yeye mwenyewe ndiye mzigo unaosafirishwa.

Jumamosi asubuhi na mapema tuliondoka kwa Probox tuliyoazimwa na rafiki wa Mwita, Baba akiendesha, mimi na Baba Mdogo nyuma pamoja na sukari, unga, majani ya chai na blanketi la mama wa Akinyi. Suna, pale Migori mjini, tulimkuta Mwita barabarani amevaa suti ya buluu iliyombana mabegani, na kucha zake amezisugua mpaka zimekuwa nyekundu. Alichukua usukani. Alinishukuru kwa kukubali kuzungumza, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye hofu, nikaona aibu kwamba mimi nilikuwa nikiomba moyoni mambo yake yaende polepole.

Awendo, miwa ikiwa imetuzunguka pande zote, nilifungua makaratasi yangu ya darasani. Nilisoma tena jambo la kwanza kabisa tunalofundishwa katika sera za biashara, kanuni ya kutobagua: nchi ikimpunguzia mwenzake mmoja ushuru, iwapunguzie na wengine wote vilevile. Hapo nikakumbuka kwamba Mwita alishawahi kutaja dada mkubwa wa Akinyi aliyeolewa miaka ya nyuma, na kwamba mumewe aliruhusiwa kuleta ng'ombe kidogo kidogo. Nilihisi kama nimeokota kitu cha thamani njiani. Ningewaomba tu masharti yale yale! Baba Mdogo aliuliza kama makaratasi hayo yanasema Mjaluo hutaka ng'ombe wangapi, nikamwambia yanasema jambo bora kuliko hilo. Tangu Awendo mpaka Rongo niliyasoma tena na tena.

Baada ya Rodi Kopany tulianza kuliona ziwa kwa mbali. Tulisimama kando ya barabara kujifuta vumbi. Baba alinirekebisha kola ya blauzi kwa vidole vyake, jambo ambalo hajalifanya tangu nikiwa shule ya msingi, akaniambia nisiongee haraka.

Tulifika saa nne hivi. Boma lao liko nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Mbita. Baba yake Akinyi ni mwalimu mstaafu, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alitupokea vizuri sana. Tuliombewa, tukaimbiwa, tukaketishwa kwenye makochi yenye vitambaa vyeupe. Mzee mmoja jirani alitutania kwamba leo itakuwa mara ya kwanza ng'ombe kuvuka kutoka Ukuria kuja Ujaluo, badala ya kuibwa kwao kuletwa kwetu, na sote tulicheka, Baba Mdogo kupita wote. Mwanamke mmoja mwembamba alitumiminia chai bila kuinua macho. Akinyi mwenyewe hakuonekana.

Zamu yangu ilipofika nilisimama. Niliwasalimu, nikasema tulikotoka na tumemfuata nani, nikajitambulisha na masomo yangu, na Mwalimu akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Hilo likanipa ujasiri nisiostahili. Nikaeleza kanuni ya kutobagua, nikaieleza vizuri kuliko nitakavyowahi kuieleza kwenye mtihani wowote, kisha nikamalizia:

"Kwa hivyo hatuombi upendeleo, Mwalimu. Tunaomba tu masharti yale mliyompa mkwe wenu wa kwanza."

Yule mwanamke wa chai aliweka chupa chini, akatoka. Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa shati, akaifuta tena, kisha akazungumza taratibu, kama anayemsahihisha mwanafunzi anayemhurumia. Alisema mkwe wa kwanza alileta kidogo siku ya kwanza, nao wakamwambia hakuna haraka, kwa kuwa kwao mahari ni njia ya kuendelea kutembeleana. Siku hiyo ilikuwa ya kwanza na ya mwisho kumwona. Baada ya muda mfupi binti alirudishwa na sanduku lake mpaka barabarani. Ndiye huyo aliyekuwa akitumiminia chai, Awino.

"Mimi sikuwa nimewaza kubagua," akasema. "Lakini vile umetaja hayo masharti, nimekumbuka yalinifikisha wapi. Huyu Akinyi atakaa hapa nyumbani mpaka ng'ombe zote zifike."

Akataja idadi. Baba Mdogo alivuta pumzi kwa sauti. Mimi nilimtazama Baba, nikingoja aseme tupewe muda, na niliona shingo yake ikinyooka kama inavyonyooka anapoguswa heshima. Alisema watafika wote kabla ya Krismasi. Nilijua wangetoka wapi. Niliketi.

Adhuhuri, chakula kilipokuwa kikiandaliwa, niliomba kwenda kusaidia jikoni. Ukweli ni kwamba sikuweza kukaa pale. Awino alikuwa akigeuza samaki kwenye mafuta, nikamwomba msamaha. Alisema sikujua, basi. Halafu akaniuliza, akiwa bado ananipa mgongo, kama kweli tulikuwa na ng'ombe hao wote.

Ningeweza kusema tunao. Ndilo jibu ambalo Baba angelitaka, maana mambo ya boma letu si ya kumwagwa jikoni kwa watu. Lakini nilikuwa nimechoka kuogopa peke yangu. "Hatuna," nikamwambia. "Wako kwa mtu anayetaka kunioa. Baba akikubali, ndio watakuja kwenu, na mimi chuo nimeacha."

Aliepua kikaango, akatoka nje, nikamsikia akizungumza Dholuo, lugha yao, na mama yake nyuma ya nyumba. Nilijuta papo hapo. Nilifikiria kukimbilia garini. Baadaye kidogo mama aliingia, mfupi, mnene, leso mbili kiunoni, akanitazama kwa muda kisha akauliza nimebakisha miaka mingapi. Nikasema mmoja na kitu. Aliuliza kama kazi nitakayopata ni ya hapa hapa au ya ng'ambo, nikasema sijui. Akasema kitu kwa Dholuo na kumtuma Awino akamwite Mwalimu, ati aje aone kuku kama ameiva.

Mwalimu alikaa sana kumwona kuku yule.

Tulipokwisha kula, yeye ndiye aliyeanza. Alisema amelifikiria tena. Tulete ng'ombe tulio nao sasa, Akinyi aende na mumewe, na wengine waje polepole kama desturi yao ilivyo. Ila safari hii lazima awepo mtu mmoja wa upande wetu atakayejibu wakichelewa, tena si mwanamume. Mama yake Akinyi alikuwa amesimama mlangoni. Hakumsubiri amalize.

"Nataka huyu msichana," akasema, akininyooshea kidole. "Nyathina, mwanangu, nikikutafuta nitakupata wapi?"

"Chuoni, Mama."

"Na ukimaliza?"

"Nitakuwa nimeajiriwa. Nitawaambia ni wapi."

"Sawa. Ukiwa masomoni nakujua ulipo. Ukiolewa mbali kabla ya kumaliza, ng'ombe zangu nitamuuliza nani?" Hapo alimgeukia Baba, akamtazama usoni, kwa heshima lakini moja kwa moja. Baba aliangalia kikombe chake. Alielewa kwamba wamejua, na kwamba ni mimi niliyesema. Akaitikia kwa kichwa. Nikapeana mkono na Mwalimu, na mkewe, na wazee wote waliokuwepo, na kila mkono nilioshika niliona deni likiniingia kiganjani.

Jioni tulianza kurudi. Mwita aliendesha huku akiimba. Akinyi angeletwa Suna wiki inayofuata, na Mwita hakuwa na habari ya yaliyopita jikoni, wala sikumwambia. Nilikaa nyuma ya Baba nikitazama kisogo chake, nikijua nimemvua nguo mbele ya wakwe, na nikiogopa ghadhabu yake kuliko nilivyowahi kuogopa mtihani. Nilijifunza jambo moja kwenye kochi lile ambalo darasani hatujalifikia: kabla ya kuomba kile alichopewa mwenzako, uliza kwanza aliyetoa alibaki na nini.

Tulipopita Awendo, giza likiingia kwenye miwa, Baba alisema bila kugeuka, "Yule mzee wa Ntimaru nitampigia simu kesho."

Nikauliza atamwambia nini.

"Nitamwambia una mtihani Jumatatu."

"Na baada ya Jumatatu, Baba?"

Baba Mdogo alikuwa amelala, kichwa juu ya mfuko mtupu wa sukari. "Si kuna mwingine?" akasema Baba. "Si hiyo mitihani yenu haiishi?"

"Haiishi, Baba," nikamwambia. "Haiishi kabisa."