Nyuma ya Goli Langu

Kocha aliposema kwa mara ya kwanza kwamba anataka kunitoa golini, nilimwambia atanitoa siku atakayodaka penalti kwa ndevu zake. Alikuwa kijana wa Mombasa, mlinzi wa jengo moja pale Doornfontein, mpole hadi anakera. Alicheka akasema, dada, sikutoi, nataka tu kumpa nafasi mgeni. Nikamjibu kwamba golini hakuna viti viwili.

Ulikuwa mwaka uliofuata Kombe la Dunia. Homa ya mpira ilipotushika hapa Johannesburg wakati wa Kombe lenyewe, sisi wanawake wa mtaani tukaunda timu: wasusi, mafundi cherehani, wauza mboga, Wakongo, Warundi, Watanzania, kila mtu na Kiswahili chake. Tulicheza Jumapili alasiri, makanisa yakishatoka, kwenye kiwanja cha changarawe kando ya reli. Mimi ni mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura. Niliwekwa golini kwa sababu ni mrefu na hakuna mwingine aliyetaka. Siku ya kwanza nilifungwa saba. Wiki nzima wenzangu walinisalimia kwa kuninyooshea vidole saba, na mimi si mtu wa kutaniwa nikanyamaza, kwa hiyo niligombana na nusu ya jengo. Lakini nilirudi golini. Ilipofika mwaka ule nilikuwa kipa anayetajwa mpaka Soweto, ingawa goti langu la kulia lilikuwa bovu tangu nilipoanguka ngazini nimejitwika robota la vitambaa kutoka Fordsburg.

Basi akaja huyo mgeni, binti wa Bukavu, miaka kumi na tisa, msusi katika saluni iliyokuwa chini ya karakana yetu ya ushonaji. Kwao alicheza mpira wa kikapu, na mpira ukifika mikononi mwake ulikuwa umefika nyumbani. Aliniita yaya, kama wanavyowaita dada zao wakubwa kule. Alikuwa na adabu, na hilo lilizidi kunichoma, maana ni vigumu kumchukia mtu anayekubebea begi.

Sasa sikiliza kilichokuwa mezani. Chuo kimoja cha mjini kilikuwa na timu ya wanawake, na mwalimu wao aliahidi kuja kutazama mechi yetu ya mwisho wa msimu, akitafuta kipa kijana. Atakayechaguliwa angesoma bure. Binti alitaka uuguzi. Cheti chake cha sekondari alikifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki, akavuka nacho mipaka mpaka hapa, na tangu afike hakuna mtu aliyemwomba akifungue.

Kocha alitaka aanze kucheza papo hapo. Afungwe sasa, alisema, ajikwae mapema, kujikwaa si kuanguka. Mimi nikasema akae benchi kwanza aone kazi inavyofanywa, haraka haraka haina baraka. Akanijibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Tulirushiana methali mpaka wachezaji wakaomba warudishiwe mpira wao waendelee na mazoezi.

Sikuwa nikibahatisha. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo. Karakana yetu ilikuwa ya mzee mmoja wa Kalemie tuliyemwita Papa, na mwaka mzima wa kwanza hakunipa mkasi. Nilikunja pindo, nikashona vifungo, nikamtazama akikata. Siku aliponikabidhi kitambaa nilikata bila kukosea. Nikaona ndivyo kazi inavyoingia mwilini, kwa macho, na si kwa kumtupa mtu majini eti aogelee. Zile saba zangu nilikuwa bado nazikumbuka moja moja.

Na kulikuwa na wivu pia. Nauweka wazi, sina haja ya kujipaka mafuta. Golini ndipo mahali pekee katika mji huu ambapo watu walinihitaji na hakuna aliyeuliza karatasi zangu za ukimbizi. Nikitoka pale, nimebaki na nini?

Kocha alinyoosha mikono, kwa sababu jezi zote nilishona mimi na mdomo wangu aliujua. Nikaweka sheria ya karakana. Siku za mechi binti alikaa nyuma ya goli langu, juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, akinitazama. Siku za mazoezi alisimama hatua mbili nyuma yangu na kufanya ninachofanya, nikienda kushoto anakwenda, nikianguka anaanguka. Nilimwambia asifikiri, atazame tu. Akasugua ile kreti kuanzia joto la Februari mpaka baridi ya Julai, na hata siku moja hakununa.

Kisha Jumapili moja, zikiwa zimebaki wiki tatu mwalimu aje, Kocha akamwingiza kipindi cha pili bila kuniuliza. Nilikaa kwenye kreti nimevimba kama andazi. Binti akafungwa mara tatu, zote kwa mipira ya chini, zote upande wa kulia. Bao la kwanza nilifurahi, Mungu anisamehe. La tatu sikufurahi tena, kwa sababu nilimwona anavyotazama mikono yake, kama mtu aliyekopeshwa kitu kibovu. Mechi ilipokwisha nilimwambia Kocha si nilikuonya, hajaiva. Binti alibeba begi langu mpaka nyumbani.

Kesho yake nilikuwa nakata gauni la bibi harusi. Papa alikuwa amekaa na chai yake, akauliza kwa nini nakata nimeinua kiwiko kama bawa la kuku. Nikamwambia ndivyo alivyonifundisha. Akashangaa, akasema hajawahi kumfundisha mtu hivyo. Nikamwambia, Papa, mwaka mzima nilikutazama, kiwiko chako hakishuki.

Akaweka kikombe chini, akafungua shati na kunionyesha bega. Mfupa wake ulikuwa umeunga vibaya.

"Mimi niligongwa na lori, mkono haushuki," alisema. "Wewe bega lako lina nini?"

Bega langu halikuwa na kitu. Miaka minane nililala na maumivu ya shingo, nikijipaka dawa ya kuchua na kulaumu cherehani, kumbe nilikuwa nimebeba ajali ya mtu mwingine. Nikashusha kiwiko, nikakata. Mkasi ukaenda kama maji.

Nilikuwa nimefika katikati ya kitambaa nilipokumbuka mabao matatu ya jana. Nikaacha mkasi pale pale, nikashuka ngazi mbiombio, goti likilalamika, nikaingia saluni. Binti alikuwa na mteja, kichwa nusu kimesukwa. Nikamwomba asimame anionyeshe anavyokwenda kulia kuzuia mpira wa chini. Akanionyesha, kitana bado mkononi. Mguu wa kushoto ukatangulia nusu hatua, halafu akasita, halafu ndipo akajiangusha. Huyo hakuwa yeye, nilikuwa mimi. Ule ndio ujanja nilioutafuta mwenyewe ili nisilikanyagie goti bovu, nikauzoea mpaka nikasahau kwamba nachechemea.

"Goti bovu ni langu," nilimwambia. "Yako mazima. Nani kakwambia uchechemee?"

"Yaya, ulisema nisifikiri," akajibu. "Ulisema nitazame."

Nilicheka, halafu machozi yakanitoka mbele ya mteja wa watu. Miezi sita. Nilidhani namkinga asifungwe saba kama mimi, kumbe nampa ulemavu wangu kijiko kwa kijiko, na yeye anaupokea kwa heshima zote. Nilimwomba msamaha. Mteja akatuuliza kama nywele zake zitakwisha leo.

Jioni ile nilimfuata Kocha getini kwake, nikamwambia amweke binti golini mechi zote zilizobaki, na mimi nitakaa kwenye kreti. Aliniuliza kama ninaumwa. Wiki zile tatu tulifanya kazi moja tu, kuniondoa mimi miguuni mwake. Nilimfunga kitambaa chekundu mguu wa kulia ili akumbuke kujisukuma kwa huo. Kuvua kitu ulichovaa miezi sita si mchezo. Mazoezini alikuwa akifaulu mara tatu, ya nne mguu wa kushoto unatangulia wenyewe. Mechi ya kwanza alifungwa mbili, iliyofuata moja. Nilimwambia hilo ni deni langu, yeye acheze tu.

Mechi ya mwisho ilikuwa Soweto. Upepo, vumbi, baridi ya kukata masikio. Mwalimu wa chuo alifika, mama mfupi mwenye trakisuti na daftari, akasimama karibu na nguzo. Dakika ya kumi shuti likaja chini kulia, binti akasita nusu hatua, bao. Mama akaandika. Mimi nilikuwa nyuma ya nyavu, nimejifunga mtandio wangu kiunoni. Sikuwahi kuogopa hivyo nilipokuwa ndani ya goli mwenyewe. Nilimwita, akageuka.

"Goti lako zima," nikamwambia. "Cheza la kwako."

Washambuliaji wetu walisawazisha kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili mshambuliaji wao, aliyekwisha kuona udhaifu ulipo, akapiga pale pale, chini kulia, kwa nguvu zaidi. Binti hakusita. Alijisukuma kwa mguu wenye kitambaa chekundu, akanyooka mzima mzima kama mtu anayeruka mtaro, akaugusa mpira kwa ncha za vidole, ukagonga nguzo ukatoka nje. Sikuwahi kudaka hivyo maishani mwangu, na nilifurahi kuliko siku yoyote niliyodaka mimi. Mechi ikaisha sare, bao moja kwa moja.

Mama wa daftari akanijia, maana alinisikia nikipiga kelele muda wote. Akauliza binti amecheza mechi ngapi. Ningeweza kusema ishirini. Nikamwambia ukweli kwamba hii ni ya tatu na nusu, na nikamweleza kosa lilikuwa la nani. Akafikiri, akafunga daftari. Akasema watamchukua, alete cheti chake Jumatatu.

Binti alikuwa amechuchumaa kando ya nguzo, jezi imemfunika uso, analia. Nilikuwa nageuka nikamkumbatie, mara yule mama akaongeza kwamba, kwa kawaida yao, mwaka wa kwanza atakaa benchi nyuma ya kipa wao mkubwa, amtazame na kujifunza.

Sikugombana. Nilimshika mkono kwa adabu, nikamuuliza kwa Kizulu changu cha sokoni, "Huyo kipa wenu, magoti yake ni mazima?"