Mwanamke Aliyenijibu Hewani Kimaka

Naona aibu kuyasema haya, lakini kwa vile Jinja nzima inayasimulia tayari, tena kwa kuongeza chumvi, afadhali myasikie kwangu.

Mimi naitwa Auma, Mkenya, nauza vipuri vya simu na redio hapa Mafubira, mtaa wa Jinja, Uganda, na niko kwenye klabu ya redio za ridhaa, yaani sisi wenye leseni ya kuongea hewani kwa kupenda tu. Siku nyingi nilikuwa nawaambia wenzangu tuhamie sauti ya dijitali, na mwenyekiti wetu, Afande Okot, mstaafu wa mawasiliano jeshini, ananijibu kwamba hiyo ni ya matajiri. Jambo hilo lilinikera kwa sababu si kweli. Mtambo mkubwa wa kurushia mawimbi mlimani wa nini? Kisanduku kimoja kidogo kama kipande cha sabuni, ukikiunganisha na intaneti ya simu, kinawatosha majirani wote, na redio za mkononi tunanunua zilizotumika, tunaazimana. Nambozo, katibu wa klabu ya Mbale, alishakubali nao wanunue chao, tuongee kama tumekaa meza moja.

Basi Jumapili moja mchana Afande akaniruhusu niwaonyeshe wanachama nyumbani kwake Kimaka, kisha waamue. Nambozo alikuwa ameniambia nisiguse kitu mpaka arudi kutoka sokoni Nakaloke anitumie namba ya kuingiza kwenye kisanduku ili tukutane hewani. Lakini chai ilikwisha, watu wakaanza kuangalia saa, na mimi nikaona ndani ya kisanduku kuna namba imeshahifadhiwa. Nikasema moyoni, namba ni namba.

Nikabonyeza. "Mbale, hapa Jinja, mnanisikia?"

Nikaachia. Ikaja sauti ya mwanamke, kavu kama inatoka kwenye mkebe, "Mbale, hapa Jinja, mnanisikia?"

Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

"Hapana, Jinja ni sisi," nikasema.

"Hapana, Jinja ni sisi," akasema.

Na kwa dharau, nawaambia, sauti ya puani, ya mtu anayejiona sana. Nikajua ni Nambozo (nilijuaje, msiniulize), ananichezea mbele ya watu wazima. Nikamwambia, "Nambozo, huna adabu hata kidogo." Naye akanirudishia hivyo hivyo, hata jina lake mwenyewe akalitaja, nikaona huu sasa ni ujeuri uliopita kiasi. Nikawageukia wenzangu nikatangaza kwamba na Mbale hatushirikiani tena, kisha nikampigia simu kwa spika ili wote wawe mashahidi.

"Dada Auma, nisubiri, bado niko sokoni, napimiwa nyanya," akasema.

"Nyanya gani, na sasa hivi umenitukana kwa redio?"

Akauliza, "Hapo kwenye kisanduku kuna namba gani?"

Nikamsomea. Akacheka mpaka nikamsikia muuza nyanya akimuuliza kuna nini.

"Hiyo ni ya majaribio, dada. Unaongea, inarekodi, inakurudishia sauti yako mwenyewe."

Ua mzima ukaangua kicheko. Mimi nilikuwa nawaka, na sijapoa bado. Mtu anatengenezaje kitu kama hicho asiweke hata neno moja la kuonya? Na hao wanaonisikia kila wiki, hakuna hata mmoja aliyeijua sauti yangu? Nikamuuliza Afande.

"Mimi nilijua toka mwanzo," akasema, akifuta macho. "Lakini nilitaka sikia mwisho. Na hii kitu ni mzuri. Kila neno ya matusi nimesikia safi kabisa. Tununue."

Ndivyo walivyopitisha, wakiwa bado wanacheka, kitu kile kile nilichokitetea awali kwa hoja zote nilizokuwa nazo wakakikataa. Nambozo nilimfuata Mbale nikamwomba radhi ana kwa ana, akanisamehe upesi mno, nadhani kwa sababu alikuwa amefurahi kuliko wote.

Tangu hapo nikiitwa hewani sijibu mpaka mtu ataje jina lake. Na akisema yeye ndiye Auma, nazima redio.