Kuku Aliyepita Chini ya Bariyeri

Karibu na duka langu la kushonea hapa Mbarara, Uganda, kuna uwanja wa kuegesha magari, na langoni pake wameweka nguzo ya chuma ya kupandisha na kushusha. Haijawahi kutiwa mafuta tangu nihamie hapa. Gari likiingia nguzo inalia kwiii, na ikilia tu mguu wangu unaacha kukanyaga cherehani. Wateja hudhani nimejichoma sindano. Nawaambia sijachomwa, nasikiliza tu, kisha naendelea na pindo. Wewe leo nitakueleza ninachosikiliza.

Nilikulia Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi. Hospitali yetu ilikuwa juu ya kilima, na kabla ya kuwa hospitali ilikuwa kituo cha jeshi. Wanajeshi walipohama walibeba bunduki zao na mahema yao, majengo wakawaachia wagonjwa. Kuta zilipakwa chokaa nyeupe, lakini mvua ikinyesha mfululizo, rangi ya kijani ya zamani ilichungulia chini ya madirisha. Chumba cha mahabusu kiligeuzwa stoo ya dawa, nondo zake zikabaki palepale, na watu walitania kwamba hakuna panadoli zinazolindwa duniani kama zile. Ghala la silaha, lenye ukuta mnene kuliko yote na ubaridi mzuri wakati wa jua, likawa wodi ya wazazi. Kwenye uwanja wa gwaride zilianikwa shuka. Upepo ukitokea ziwani, harufu ya sabuni ya mche ilitufikia hadi huku chini kwetu.

Kitu kimoja hawakukigusa. Langoni ilibaki ile nguzo ya jeshi, nyekundu na nyeupe, ncha yake moja imefungiwa rimu ya lori iliyojazwa zege. Sisi Wakongo tuliiita bariyeri. Aliyeilinda alikuwa mzee mmoja Mnyankole, Mzee Byaruhanga, mrefu, mwenye sauti ya chini. Aliwahi kuwa askari, na asubuhi za baridi bado alivaa koti lake la kijani.

Mama yangu hakuweza kuiangalia nguzo ile. Miezi michache nyuma, tulipokuwa tunakimbia kutoka Kivu Kusini, lori letu lilisimamishwa kwenye bariyeri ya mti wa mkaratusi. Askari walimshusha Baba peke yake, wakatuambia tuendelee, atatufuata. Tulisikia mlio wa bunduki kabla hatujafika kwenye kona. Mama alinifunika masikio kwa viganja vyake, ingawa nilikuwa nimeshasikia.

Alifika Nakivale akiwa na mimba ya Baba. Na mimba kwake haikuwa jambo la kuchezea, maana mtoto aliyenifuata mimi alifia tumboni, na Mama alipasuliwa ndipo akapona. Mama mmoja mhudumu wa afya, aliyekuwa akizunguka nyumba hadi nyumba, alimshika tumbo akakunja uso. Alisema mtoto huyu lazima azaliwe hospitalini, vinginevyo tutawazika wote wawili. Alisema mbele yangu, akidhani nimezama kwenye kazi ya kuchambua maharage. Niliendelea kuchambua, nikitafuta mawe hata kwenye maharage yaliyokuwa safi.

Mama alijaribu mara moja. Alivaa kitenge chake kizuri, tukapanda kilima. Tulipofika langoni Mzee Byaruhanga alitoka kwenye kibanda chake na koti lake la kijani, akauliza kama alivyouliza kila mtu, "Simama, mama. Unaenda wapi?" Mama aligeuka akashuka kilima kwa kasi ambayo sikujua mjamzito anaiweza, nami nikimkimbilia nyuma.

Nyumbani alibandika maharage jikoni kana kwamba hatukwenda popote. "Ile haiko lopitali," alisema. "Ile ni kambi ya basoda, banapakaka tu rangi. Afazali nizalie mu shamba."

Majirani walikuja kumsihi. Watu wa kanisani nao wakaja kumwombea. Mama aliwakaribisha uji, akawasikiliza hadi mwisho, akawashukuru kwa moyo wote, na hakwenda. Ndivyo alivyo mama yangu. Ukitaka kumhamisha mahali alipoamua kukaa, bora uanze na nyumba.

Lakini mimi ni mtoto wake. Ubishi huo sikuuokota barabarani. Nilikaa nikatafakari jinsi ya kumpitisha, nikapata jibu ambalo kwangu halikuwa na kasoro hata moja. Njiani kutoka Kongo nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba kwenye bariyeri mtu hapiti mikono mitupu. Anatoa sabuni, anatoa kitenge, anatoa kuku. Baba siku ile hakuwa na kitu mkononi, na mimi niliamini kabisa kwamba walimchukua kwa sababu hiyo.

Kuku tulikuwa naye. Alikuwa wangu, tetea mwekundu niliyepewa na jirani akiwa kifaranga, mwenye tabia mbaya ya kulala ndani ya sufuria. Asubuhi moja nilimbana kwapani nikapanda kilima. Moyo wake ulipiga kwenye mbavu zangu, au labda ulikuwa wangu.

"Afande," nilimwambia Mzee Byaruhanga, "shika kuku. Mama yangu apite. Musimushushe."

"Shusha wapi? Yeye iko na gari?"

"Hana gari. Papa yangu njo balimushusha."

Alinitazama, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Walishusha kwa rodibuloku?"

Nilijua rodibuloku ndiyo bariyeri kwa lugha yao, nikaitikia kwa kichwa. Mzee akasema taratibu, "Rudisha kuku nyumbani, mutoto. Hapa si rodibuloku. Hapa watu napita bure."

Mimi sikukubali. Nilimsukumia kuku kifuani, yeye akarudisha, nikasukuma tena, na katika kusukumana huko kuku akapata upenyo. Alipiga mbawa, akapita chini ya bariyeri, akaingia kwenye uwanja wa gwaride akapotelea katikati ya shuka. Nikaanza kulia. Mzee akasimama, akaangalia shuka zile, kisha akaniangalia mimi.

"Kwenda, ita mama," alisema. "Sema kuku iko ndani."

Mama aliposikia, mwiko ulimdondoka. "Balikamata bwana yangu," alisema, "sasa banakamata na kuku ya mutoto?" Hakubadilisha nguo. Alitoka na kile kitenge chake cha jikoni chenye masizi, tumbo mbele, na watu waliokuwa njiani walimpisha.

Tulimkuta Mzee Byaruhanga amekaa kwenye kigoda kivulini. Koti la kijani lilikuwa limetundikwa msumarini ndani ya kibanda. Alivaa shati la zamani lililokosa kifungo, akaonekana kama babu wa mtu yeyote.

"Papa, rudisha kuku ya mutoto wangu," Mama alimwambia, maana kwetu kila mzee huitwa papa.

"Kuku iko ndani, mama. Mimi leo miguu nauma. Fungua mwenyewe, ingia, chukua."

Wala hakuinuka. Mama alitazama nguzo. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na nilijua anageuka, nilijua tunashuka tena kilima. Kisha akaigusa kwa ncha za vidole, kama mtu anayepima joto la sufuria, halafu akaishika kwa mkono mzima akainua. Rimu ilishuka, nguzo ikalia kwiii, ikapanda juu yote. Ilikuwa nyepesi, hata mimi ningeiweza. Mama alibaki anaitazama ile ncha nyekundu huko juu, mdomo wazi. Kisha akapita.

Kuku tulimkuta kwenye veranda ya wodi ya wazazi. Alikuwa amefungwa mguu kwa kipande cha bandeji kwenye nguzo ya veranda, anadonoa mahindi. Mkunga alitoka mlangoni, ameshika kiuno.

"Mama, hii ni kuku yako? Nachafua veranda yangu yote! Na hiyo tumbo, nani anapima? Kuja hapa."

Mama aliona aibu kwa ajili ya kinyesi cha kuku, na katika kuomba radhi akajikuta amelala kitandani anapimwa. Alirudi kila alipotakiwa kurudi. Siku ya kujifungua, mchana wa jua kali, boda ilipotufikisha langoni Mzee Byaruhanga aliikimbilia nguzo. "Papa, acha!" Mama alipiga kelele. Alishuka, akaegemea nguzo mpaka uchungu ukapita, akaiinua yeye mwenyewe, ndipo akakubali kubebwa. Ndugu yangu alitolewa kwa kupasua, katika chumba kilichokuwa cha bunduki, akapewa jina la Baba. Mama akapona.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama ushindi wangu mimi na kuku wangu. Nilikuwa mtu mzima, nimeinama Krismasi moja nafunga kuku wa sokoni mguuni, nilipowaza nani alimfunga yule tetea. Basi nikamwona akilini mzee mwenye miguu inayouma akimkimbiza kuku katikati ya shuka, akiomba bandeji na mahindi, akichagua veranda, akivua koti, akiwahi kurudi kwenye kigoda kabla hatujafika. Nililia palepale, na kuku akanikimbia.

Mama bado anaishi Nakivale, na akija kunitembelea hukaa nami dukani. Juzi nilimweleza ugunduzi wangu. Aliniangalia kwa huruma, kana kwamba mimi ni mtoto mzito wa kuelewa.

"Mi nilijua siku ileile," alisema. "Niliona bandeji."

"Na haukukasirika?"

"Nikasirike juu ya nini? Nilikuwa nataka kuishi, Riziki. Nilikuwa nataka sana. Nilikosa tu namuna ya kupita."

Nje, nguzo ya uwanja wa magari ikaanza kulia. Mama akanishika mkono, tukaisikiliza wote wawili mpaka ikafika juu.