Maji Yaliyotulia ya Durban

Nilikwenda Durban kwa sababu ya majigambo yangu mwenyewe. Miaka kumi na mitano nashona nguo Yeoville, na kila siku namwambia binti yangu Zulfa, mzaliwa wa hapa Johannesburg, kwamba mamake amekulia baharini, Tanga. Yeye kuogelea kajifunzia kwenye bwawa la shule. "Hilo nalo ni maji?" nikimcheka. Mwishowe akanijibu, "Basi nipeleke kwenye yako, Mama."

Jumamosi alfajiri tulipanda basi mjini. Baridi ya Joburg ilitusindikiza hadi milimani. Tulipoteremka upande wa pili nikavua sweta. Mchana tukawa kwa shoga yangu Mwanaidi, mwenyeji wetu. Alitupa wali na samaki, akanionya, "Shoga, huku watu huogelea baina ya bendera za waokoaji."

"Bendera za nini? Mimi mtalii?"

Saa kumi jioni tulifika ufukweni, na hapo nikaanza kuchanganyikiwa. Watu tele wamebanana baina ya bendera mbili, mawimbi yanawapiga usoni, nao wanashangilia. Hatua chache kando yao maji yametulia tuli, wala hayana mtu! Kwetu Tanga mtoto unamwogesha penye utulivu. Hawa wana akili kweli? Zulfa akasita. "Eish, Mama, bendera..." Nikamshika mkono, tukaingia palepale patupu.

Maji yalikuwa kiunoni, mara miguu haigusi chini. Naogelea kwenda ufukweni, ufukwe unazidi kuwa mbali. Wallahi sikuelewa: wimbi hakuna, nani anatuvuta? Nikamkaza Zulfa mkono, nikapiga kelele, "Ogelea!" Yeye akajichomoa, akalala chali juu ya maji, akainua mkono mmoja. Nikajua mwanangu kakata tamaa. Nikalia kwa sauti.

Kipenga kikalia. Mwokoaji akaja na ubao wake, akatushikiza. Hakuturudisha moja kwa moja. Alitupitisha pembeni, kwenye mawimbi yale yale niliyoyakwepa, nayo yakatusukuma hadi mchangani.

"Hapo palipotulia ndipo maji yanaporudi baharini kwa nguvu," akanieleza. "Bila mkono wa mtoto nisingewaona."

"Nani kakufundisha?" nikamuuliza Zulfa, meno yakigongana.

"Mwalimu wa bwawani."

Jumapili asubuhi tuliogelea baina ya bendera, maji ya kiunoni tu. Wimbi likanibwaga, nikameza chumvi, Zulfa akacheka mpaka akakaa chini. Hadi leo kichwa kinanizunguka: penye vurugu ndipo salama, penye utulivu ndipo hatari! Lakini nimejifunza kuuliza kabla ya kuingia maji ya wenyewe, na kumsikiliza mtoto anaposita.

Kwenye basi la kurudi Zulfa alikunja mikono ya sweta. Kwenye kifundo cha mkono wake nikaona alama nne nyekundu, kucha zangu hizo.

"Nisamehe mwanangu," nikamwambia. "Usingejichomoa, ningekushikilia hivyo hivyo mpaka tuzame wote."

"Najua, Mama," akasema, akaniwekea mkono ule ule mapajani.